Taa Isiyo na Joto

Mama Vifungo alikuwa anajua taa imewaka kwa utosi. Wenzake wanajua kwa macho, yeye kwa utosi. Ile balbu ya halojeni ilining'inia chini chini juu ya meza yake ya kazi, na ikiwashwa tu joto linamshukia katikati ya nywele kama mtu amemwekea kiganja, basi hapo anashika sindano. Ikizimwa, utosi unapoa. Umeme ukikatika, utosi unapoa vilevile. Mpaka majirani wakawa wanamsifu. Umeme ukienda, kabla hata mwingine hajafungua mdomo, yeye ndo wa kwanza kusema, "Haya, wameshauchukua." Wakasema mama huyu ana macho makali kuliko vijana. Macho. Watu nao hawaishi maneno.

Macho hakuwa nayo. Yalianza kumwacha pembeni kwanza, kama mtu anavuta pazia taratibu kutoka kila upande, mpaka akabakiwa na kijitundu katikati, halafu na kijitundu chenyewe kikazibwa. Jua la mchana akilielekea mlangoni alikuwa analipata kama weupe wa maziwa. Taa hakuipata kabisa, hata ukimsogezea puani.

Na bado alikuwa anafanya kazi. Mafundi wa mtaa ule walikuwa wanashona mashati kwa cherehani, lakini matundu ya vifungo walikuwa wanamletea yeye ayazungushie uzi kwa mkono, maana cherehani zao zilikuwa zinayatafuna. Tundu lake lilikuwa halifumuki. Shati linachakaa, kola inalika, mgongo unapasuka, tundu la Mama Vifungo limekaa pale pale linakutazama. Hakuhitaji kuliona. Upana alikuwa anaupima kwa ukucha wa kidole gumba, nafasi ya tundu na tundu kwa kifundo cha kidole cha shahada. Nyuzi alizipanga kwenye makopo: nyeupe kopo la maziwa, nyeusi kopo la majani ya chai, ya bluu kopo lenye kifuniko kilichobonyea. Sindano ilikuwa ndo taabu. Hapo alikuwa anamwita yeyote anayepita, mteja, jirani, muuza mboga. "Hebu nitungie huo uzi mwanangu, mikono ina mafuta." Mikono ya mama huyu ilikuwa na mafuta kila siku ya Mungu, na hakuna aliyewahi kushangaa. Watu hawashangai mambo yasiyowagusa.

Sasa utauliza, kwa nini asiseme? Si mwana alikuwa naye? Alikuwa naye, mtunza stoo, kijana mtulivu, hanywi, hapigi kelele, mshahara wake anauleta nyumbani. Si mkwe alikuwa naye? Alikuwa naye pia, mwanamke mkavu, mwenye duka dogo la nguo, hacheki ovyo. Walikuwa wanaishi nyumba moja wote watatu. Hospitali ya macho nayo haikuwa mwisho wa dunia, basi moja tu. Lakini Mama Vifungo alikuwa anaogopa, na alichokuwa anakiogopa kilikuwa humo humo ndani, mwisho wa korido, mkono wa kushoto. Chumba cha nyuma.

Chumba kile alikuwa anakijua vizuri, maana yeye mwenyewe ndo aliyemtia mtu humo. Mama mkwe wake, bibi wa huyu kijana, alipofuka uzeeni. Akawa anapapasa kuta, anagonga sufuria, anamwaga maji. Mama Vifungo wakati ule alikuwa kijana, ana kazi na haraka zake, akasema kikongwe ataungua, kikongwe ataanguka, bora akae mahali pamoja. Akampeleka chumba cha nyuma. Akamwekea kitanda, ndoo, kikombe cha bati kisichovunjika. Halafu akaenda dukani akanunua komeo, akalipigilia kwa nje. Kwa usalama wake, alisema, na watu wote wakaitikia, kwa usalama wake.

Mwanzo wageni walikuwa wanapita kumsalimu. Baadaye wakawa wanasalimia kutoka sebuleni. Baadaye wakaacha. Kikongwe akisikia sauti mpya alikuwa anapiga kelele kule nyuma, "Nani huyo amekuja? Ni nani?" Na Mama Vifungo anamwambia mgeni, "Mwache, anaongea na wenzake." Mgeni anacheka kidogo, wanaendelea na yao. Hivyo hivyo mpaka siku kikongwe alipoacha kuuliza. Aliyekuwa anapeleka sahani kule na kurudisha komeo ni huyu kijana, akiwa mtoto.

Hayo wapo watakaosema yamepita. Yamepita kwa nani? Mtoto yule hakukua mtu mbaya, na hapo ndo palipokuwa pakimtisha mama yake. Angekuwa katili angejua la kumfanya. Lakini kijana alikuwa anampenda, na mapenzi kwa mtu kipofu alifundishwa yanakuwaje: chumba safi, kitanda, kikombe cha bati, komeo.

Basi jioni moja kijana akarudi kazini na boksi. Mama Vifungo akasikia linavyotua mezani, jepesi, linagongana ndani kama mayai. Kijana alikuwa na furaha ya mtu aliyegundua jambo. Akaanza mahubiri. Hizi balbu za halojeni zinakula umeme kama tanuri, alisema, karibu umeme wote unaishia kwenye joto, na nani kaomba joto? Tazama dari lilivyoungua hapo juu yako, limekuwa kahawia. Kazini wamebadilisha taa zote, wameweka hizi za LED, zinawaka mwaka hadi mwaka, ukizigusa hazikuunguzi, ni baridi.

Neno hilo baridi lilimwingia Mama Vifungo kama maji ya mtungi mgongoni.

Alijaribu kupigana, nani atamlaumu. Akasema hii taa yake ameizoea. Akasema amesikia hizo mpya zinaumiza kichwa. Akasema zina mwanga wa chumba cha maiti, mwenye duka la dawa anayo moja, ukiingia unajiona umeshakufa. Kijana akacheka, akasema siku hizi zipo za rangi mbili, nyeupe na ya njano, atachagua mwenyewe. Mkwe alikuwa amesimama mlangoni anamenya kitu, kisu kikikwaruza ganda. Hakutia neno.

Kijana akapanda kiti. Akasubiri ile ya zamani ipoe, akaifungua. Mama Vifungo akasikia inavyokwaruza ikitoka, na utosi wake ukabaki wazi kama umenyolewa.

Akatia ya kwanza, akavuta kamba. Akasema hiyo ndo nyeupe. Mama Vifungo akainua uso, akakunja macho kidogo kama mtu anayepima. Akasema mmh. Kijana akaizima, akaitoa, akatia ya pili, akavuta kamba.

"Na hii je, Mama?"

Mama Vifungo akakaa kidogo, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hii ndo yenyewe. Hii laini. Ile ya kwanza ilikuwa inanichoma machoni."

 Kijana akaangua kicheko mpaka kiti kikayumba. "Mama bwana. Hii hata haijawaka, sijaikaza vizuri."

Kuna kucheka kwa mtu aliyefurahi, na kuna kucheka kwa mtu anayeanguka. Mama Vifungo akacheka. Akasema si ndo anasema, taa nzuri ni ile iliyozimwa, bili haiji. Kijana akazidi kucheka, akasema mama huyu masihara hataacha, akaikaza balbu. Kijasho chembamba kilikuwa kinamtoka Mama Vifungo chini ya kwapa kinashuka mbavuni. Lakini hicho si kilichomtia hofu. Kilichomtia hofu ni kwamba kule mlangoni kisu kilikuwa kimeacha kumenya.

Tangu siku hiyo mama yule hakuwa na raha. Taa haikuwa na joto, haikuwa na mlio. Kamba yake ya kuvuta ilikuwa haisemi kitu: ukivuta inalia tiki, ukivuta tena inalia tiki, sasa tiki ipi ni ya kuwasha na ipi ya kuzima utajuaje? Akivuta jioni anabaki amekaa, sindano mkononi, hajui amekaa kwenye mwanga au kwenye giza. Mtu akipita koridoni akanyamaza, moyo unamwenda mbio: kanyamaza kwa sababu hana la kusema, au kwa sababu amemkuta mwanamke mzima anashona gizani kama mchawi?

Akatafuta ujanja. Kwanza akawa anaigusa. Akagundua kwamba ile balbu ikikaa muda mrefu, shingo yake pale inapoingia kwenye holda inapata uvuguvugu, kidogo tu, kama sikio la mtu. Akawa anasimama, ananyoosha mkono, anaishika shingo. Siku moja sauti ya mkwe ikatoka nyuma yake, karibu kabisa, ikamuuliza anatafuta nini huko juu.

"Utando wa buibui," alisema Mama Vifungo.

Mkwe akasema, "Aa." Basi. Aa tu. Angeuliza zaidi ingekuwa nafuu. Mama Vifungo usiku ule hakulala, aliipindua ile aa kama mtu anayekagua shilingi bandia.

Akaacha kushika balbu. Akaja na ujanja wa pili, redio. Alikuwa na redio ndogo ya waya, akaichomeka ukutani hapo chini ya meza, akawa anaiacha inaongea kwa sauti ndogo kutwa nzima. Redio ikinyamaza, umeme umekatika. Si dawa kamili, maana haikumwambia kama taa imewashwa, lakini kwa hilo akajiwekea kanuni: jioni anamsubiri mkwe arudi dukani, anamwambia, "Hebu niwashie mama, mgongo umekaza." Wa kuwasha ni mwingine, umeme unalindwa na redio. Akapumua kidogo. Ile sifa yake ya zamani ikarudi. Redio ikizima, naye anasema, "Wameshauchukua," na jirani dirishani anasema, mama huyu hapitwi.

Lakini ana mwana mbana matumizi. Ukishamfundisha mtu kubana taa atakuja kubana na redio. Kijana akaona redio inaongea mchana kutwa hakuna anayeisikiliza, akasikitika. Hakumnyima mama yake, sio mtu wa kunyima. Akanunua betri, akazitia nyuma ya redio asubuhi moja mama akiwa bafuni, akachomoa waya, akaukunja vizuri, akauweka. Akaenda kazini. Hakusema, maana aliona ni jambo dogo.

Siku iliyoharibika ilikuwa siku ya mvua. Mchana ulikuwa haujaisha lakini wingu lilikuwa limekaa juu ya nyumba kama kifuniko cha sufuria. Mama Vifungo alikuwa na mashati ya walinzi, mzigo mzima, na mwenye mzigo, fundi mmoja mwembamba waliyekuwa wanamwita Kola, alikuwa anayataka jioni hiyo hiyo. Mkwe alirudi mapema kwa sababu ya mvua, akafunga madirisha ya mbao upepo usiingize maji, akamwashia taa kama kawaida, akakimbilia uani kuanua nguo. Mama Vifungo akasikia mlango wa nyuma, akasikia mvua juu ya bati, akasikia redio inazungumza mambo ya bei za mahindi. Akainama, akashona.

Sijui ni dakika ngapi zilipita. Umeme ukakatika mtaa mzima. Redio ikaendelea na mahindi yake.

Kijana na yule Kola walikutana nje kwenye mvua, wakaingia pamoja wanakimbia, wanapangusa miguu, wanalalamikia umeme. Kijana akafungua mlango wa chumba cha kazi. Ndani palikuwa giza tupu, lile giza la chumba kilichofungwa madirisha, huoni mkono wako. Akasimama mlangoni. Kola akasimama nyuma yake.

Na humo gizani wakasikia uzi unapita kwenye nguo. Sss. Kimya. Sss. Kazi inaendelea, haina haraka, haina wasiwasi. Kisha Mama Vifungo, aliyesikia hatua moja ikimsogelea, akadhani mtu kasimama kati yake na taa, akasema kwa ile sauti ya mtu mwenye kazi nyingi:

"Nipishe basi mwanangu. Unanizibia mwanga."

Hakuna aliyejibu. Redio ilikuwa inasema bei imepanda kidogo. Mama Vifungo alishona mshono mmoja zaidi, halafu mkono wake ukasimama peke yake, kabla hata kichwa hakijajua kwa nini. Kimya kile alikuwa anakijua. Alishawahi kukifanya yeye, kwa mtu mwingine.

Kola ndo wa kwanza kuzungumza, akasema atarudi kesho, mvua kubwa, na alikuwa ametoka kwenye hiyo hiyo mvua. Miguu yake ikaondoka haraka. Kijana akasogea, akapiga magoti, Mama Vifungo akasikia harufu ya shati lililolowa. Kidole kikapita karibu na uso wake, upepo wake akausikia, kikaenda kikarudi. Alikuwa anampima. Mama Vifungo hakupepesa.

"Tangu lini, Mama?"

Alitaka kusema uongo na uongo haukuja. Alikuwa ameuzalisha kila siku kwa miaka na siku hiyo ghala likawa tupu. Akasema tu, "Zima hiyo redio."

Wakampeleka hospitali ya macho. Daktari alikuwa mtu mzima, akamulika, akapuliza kitu baridi kwenye jicho, akauliza ilianza lini. Akasema ni presha ya macho. Akasema mishipa imeshakufa, kilichokufa hakirudi. Angekuja ukungu ulipoanza pembeni, kulikuwa na dawa ya matone, angebaki na kile alichokuwa nacho. Hakumgombeza, hakuwa na sababu, alishaona wengi. Mama Vifungo akainamisha kichwa. Aliogopa chumba cha nyuma mpaka akayatoa macho yake mwenyewe kukilipia, na chumba bado kiko pale pale. Nani wa kumhurumia kwa hilo? Anayetaka amhurumie.

Kesho yake asubuhi akiwa kitandani akasikia korido inaongea. Kitu kizito kinavutwa sakafuni. Maboksi. Ufagio, ule wa miti, unakwangua kona. Ndoo ya maji. Kijana hakwenda kazini, alikuwa anasafisha chumba cha nyuma. Mama Vifungo akajivuta akakaa, akashika kitanda kwa mikono miwili kama kiko majini. Alitaka kuita, na akaona sauti yake ikitoka itatoka vipi: Nani huyo? Ni nani? Akaifunga mdomoni. Alisikia mlango wa kule ukifunguliwa na kufungwa, kufunguliwa na kufungwa, kijana anapaka bawaba mafuta zisilie. Mtoto mwema. 

Kijana akaja akakaa pembeni ya kitanda. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya kubembeleza. Akamwambia ameshona vya kutosha. Akamwambia amemfanyia chumba kizuri, ametoa takataka zote, kule hakuna jiko la kumuunguza, hakuna kizingiti cha kumwangusha, atapumzika, chakula ataletewa, hatahitaji kuinuka. Amepiga na chokaa. Mama Vifungo alitaka kumuuliza kuhusu komeo, kama ameling'oa au limebaki. Akashindwa. Kuuliza ni kumkumbusha.

"Na wateja," ikasema sauti ya mkwe kutoka mlangoni, "umewapigia chokaa wapi?"

Kijana akasema mke wangu, usianze. Mkwe akasema hajaanza, anauliza. Kola ana mzigo ndani haujaisha. Kuna yule wa sare za shule. Yeye mwenyewe dukani ana mashati, na watu wakija wanafunua kwanza tundu la kifungo ndo wanatazama bei. Nani atayazungushia, yeye mkwe? Hajui. Au wewe mtunza stoo? Kijana akasema kwa uchungu kwamba mama haoni, je, hajasikia daktari, mama ni kipofu.

"Mimi nimejua kabla ya daktari," alisema mkwe. "Tangu aliposhona shati la bluu la mtu kwa uzi wa kijani, kile kifuniko kilichobonyea kilikuwa kimewekwa kwenye kopo jingine. Nilikaa nikafumua lote, nikampa tena kesho yake nikamwambia la mtu mwingine. Na tangu hapo makopo nayapanga mimi."

Kijana akamuuliza kama alijua, kwa nini hakusema.

"Niseme ili iweje? Kazi si ilikuwa inatoka?"

Hapo utafikiri atakuja kumshika mkwewe mkono, amwite mama, walie. Hakuja. Alibaki mlangoni. Akasema chumba cha nyuma hakuna mteja anayefika, na fundi asiyeonekana anasahaulika, na kazi ikishahama mtaa hairudi. Mama atakaa mbele kwenye meza yake kama siku zote. Sindano atamtungia yeye asubuhi kabla hajaenda dukani, nyingi, azichomeke kwenye kimto, atumie mpaka jioni. Kile chumba kijana akitaka akiweke maboksi yake tena.

Halafu akageukia kitanda, maana sauti ilibadilika mwelekeo. "Lakini Mama, tuambiane ukweli. Utakaa mbele mkono ukiwa unafanya kazi. Mkono ukikataa, tutakaa chini tuzungumze tena."

Alisema bila ubaya. Kama mtu anayesema mvua ikinyesha tutaingia ndani. Kijana akainuka, akaenda kurudisha maboksi yake. Alikuwa amezoea kunyamaza mke wake akisema.

Basi Mama Vifungo akarudi mezani. Wapo wanaosema mkwe yule ana moyo wa dhahabu, angekuwa mwingine angemtupa bibi wa watu. Waseme. Mama Vifungo anajua alichookolewa nacho, kina vidole vitano na kinaanza kutetemeka.

Maana sasa watu wanajua. Kola alikuwa haji kukagua, miaka yote anachukua mzigo wake anaondoka, anahesabu njiani. Siku hizi anakuja na anatoa shati moja moja, analipeleka dirishani. Mama Vifungo anasikia kitambaa kinavyogeuzwa, kinavyonyooshwa, halafu kimya. Zamani kimya cha mteja kilikuwa cha kufunga mzigo. Sasa ni cha kutafuta kosa, na mtu akitafuta kosa hakosi. Kola anasema, "Safi, Mama Vifungo," na ile safi inachelewa kidogo kila mara.

Akaacha kuamini kucha na vifundo vya vidole. Akaanza kukagua kwa mdomo. Tundu likishaisha analipitisha kwenye mdomo wa chini, taratibu, pale ngozi ilipo laini kuliko ncha ya kidole, anahesabu mishono kwa mdomo kama mtu anayenong'ona. Mshono ulioruka anausikia kama jino lililong'oka. Zamani alikuwa anapita shati zima bila kuukuta hata mmoja. Wiki hii ameshaukuta zaidi ya mara moja.

Jana jioni aliukuta tena, kwenye shati la juu kabisa la mzigo uliokwisha. Taa ilikuwa imewashwa, mkwe alishavuta kamba, hilo angalau siku hizi anaambiwa. Akatafuta wembe wa kufumulia, akaanza kukata uzi, mshono kwa mshono, asiguse kitambaa. Mkono ukamcheza. Akausimamisha, akaukandamiza juu ya meza kwa mkono wa pili mpaka utulie. Ukatulia kidogo, ukacheza tena.

Hapo ndipo ndara za mkwe zikaja koridoni na kusimama mlangoni. Mama Vifungo akalivuta shati lile chini ya paja, akalikalia, akashika jingine, akainama. Mkwe akauliza bado ngapi. Akajibiwa limebaki moja tu, anamalizia. Ndara hazikuondoka. Zikaingia ndani, zikapita nyuma ya kiti, na mkono wa mkwe ukachukua mashati yaliyokwisha kutoka kwenye lundo, ukayapeleka mezani chini ya taa. Mama Vifungo akabaki ameshika sindano hewani, hashoni, hapumui, anasikiliza kitambaa kinavyogeuzwa.